Vitambaa Juani

Mama yangu alinifundisha kuificha damu kabla hajanieleza ni damu ya nini. Wakati huo tuliishi Kibati, kaskazini ya mji wa Goma, katika nyumba ya mbao iliyotazama barabara ya Rutshuru, na mimi nilikuwa nimerudi kutoka shuleni nikiwa nimejifunga sweta kiunoni. Hakuuliza kitu. Alinivuta chumbani, akatoa kikwembe kilichochakaa chini ya godoro, akakichana vipande, akanionyesha jinsi ya kukunja. Kikwembe ndicho wengine wanachokiita kitenge. Kwetu mwanamke hukivaa kikiwa kipya, hubebea mtoto kikianza kuzeeka, na mwisho wake huwa ni huo wa kuchanwa. Kisha akanipa sheria, kwa sauti ileile aliyotumia kuwakataza wadogo zangu kucheza barabarani.

"Hii kitu mutu asiione. Si papa yako, si batoto, si miye. Hata jua isiione."

Sheria haikuwa ya mama peke yake. Wanawake wote niliowajua waliishi nayo. Kitambaa unakifua ukiwa peke yako, maji yake unayamwaga mbali na nyumba, na ukitaka kukianika unakificha chini ya nguo nyingine ili mpita njia asijue. Sasa Kibati ni mahali pa baridi, chini ya volkano, na mvua ya huko haiombwi. Kitambaa kilichofunikwa na sketi mbili hakikauki hata ukisubiri wiki. Tulikuwa tunakivaa kibichi, tunawashwa, tunanyamaza.

Wenzangu walipata siku zao na wakaendelea kuruka kamba. Mimi nililala. Maumivu yalianzia mgongoni, yakashuka mpaka mapajani, na yakinishika vizuri nilitapika hata maji. Damu nayo haikuwa ya kuvuja, ilikuwa ya kumwagika, yenye mabonge, na nilipoinuka kwenye benchi darasani niliangalia nyuma kwanza kabla ya kuchukua daftari. Nilimwambia mama naumwa. Akaniambia wanawake wote wanaumwa, ninyamaze. Nikaamini kwamba wote wana haya niliyo nayo, na kwamba mimi tu ndiye sina moyo wa kuyabeba. Niliamini hivyo miaka kadhaa, na bado nikikumbuka napandwa na hasira.

Kisha vita vikashuka kutoka kaskazini. Papa alikuwa dereva wa lori, na siku ile alikuwa upande wa Butembo na mzigo wa watu; barabara ikafungwa katikati yetu na yeye. Mama akabeba gunia la maharagwe, mimi nikabeba sufuria na mdogo wetu wa mwisho, na mdogo wangu mwingine akajibebea jerikani. Kitu kimoja tu mama alikichukua ambacho hakikuwa cha kula wala kupikia: kikwembe chake cha ndoa, chenye ndege wa bluu, ambacho alikivaa Pasaka, kwenye harusi na kwenye mazishi. Tulivuka mji wa Goma kwa miguu. Katika mtaa wa Mapendo, kwa binamu yake mama, tulikuta watu wamelala mpaka jikoni, tukapewa chai tukaendelea. Tulisimama kwenye kambi ya Mugunga, nje ya mji, kwa sababu wengine walikuwa wamesimama hapo.

Aliyewahi kuishi Mugunga anajua kwamba ardhi yake si ardhi. Ni jiwe jeusi la volkano, lenye meno, linalokula ndala. Huwezi kuchimba choo, kwa hiyo vyoo vilijengwa juu ya mbao, na huwezi kusimika mti wa hema mpaka uuzungushie mawe. Mahema yalibanana. Jirani yetu, mama mjane aliyetoka Masisi, alikuwa karibu kiasi kwamba akikohoa sisi tunageuka. Mahali pa kuogea palikuwa uzio wa turubai usio na paa, na foleni ya wanawake nje inakuhimiza.

Niambie basi, katika mahali kama hapo, kitambaa utakianika wapi bila jua kukiona? Chini ya mkeka ni jiwe lenye maji. Nilijaribu mara chache, vikaoza, nikaanza kuvitupa chooni. Vilipokwisha nikachana bitana ya sketi yangu ya shule, kisha mikono ya sweta. Mama hakuona lolote. Alikuwa akitoka asubuhi kwenda kuuza maharagwe barabarani, njia ya Sake, akirudi jua likizama, na mimi nilikuwa nimeitii sheria yake kwa ukamilifu. Hakuna tone aliloliona tangu tufike kambini.

Ndipo ikanijia tamaa ya udongo. Kuna udongo mweupe, mgumu, unaouzwa sokoni kwa vipande juu ya sahani, na kwetu wanawake wenye mimba huutafuna. Zamani sikuujali. Mugunga nilianza kuusikia harufu kabla sijafika kwa muuzaji, mate yakanijaa. Niliacha chakula nikaula huo. Nilikuwa nimechoka tangu ninapoamka, moyo unanipiga masikioni nikiinua jerikani, na nikisimama ghafla dunia inazunguka. Siku moja kwenye bomba la maji nilianguka magotini, na kijana mmoja mrefu aliyekuwa akipanga foleni akanibebea jerikani mpaka karibu na hema letu. Nilimshukuru, akarudi. Ni hayo tu yaliyokuwa kati yangu na yeye.

Mama alinikuta natafuna. Alikuwa amerudi mapema kwa sababu ya mvua, na kipande kilikuwa mkononi mwangu, meno yamejaa weupe. Akakaa juu ya sufuria iliyofunikwa, polepole.

"Ni ya nani?"

"Nini, mama?"

"Iyo mimba."

Nilicheka kidogo, kwa mshangao, na kile kicheko kiliniharibia. Alianza kunihesabia alichokiona: nalala mchana, natapika, nimepauka, sili, na sasa udongo. Yeye mwenyewe aliula kwa mimba zake zote. Kwetu msichana mwenye dalili hizo hapelekwi kupimwa. Kila mtu ameshampima kwa macho.

"Mama, sina mimba. Niko naona damu kila mwezi, tena mingi."

"Wapi? Tangu tufike huku sijaona kitambaa yako hata moja."

"Si ni weye ulikataza nisionyeshe?"

"Usinifanye mujinga."

Sikuwa na cha kumwonyesha. Ushahidi wangu wote ulikuwa chini ya mbao za choo. Niliapa kwa Bikira Maria, akaniambia nisimtie Bikira katika mambo hayo. Na kuanzia jioni ile aliacha kuniita "mama". Mimi nina jina la bibi yangu, mama yake mzazi, na tangu nikiwa mchanga aliniita hivyo: mama njoo, mama kula. Sasa nikawa "weye". Watu wanadhani njaa ndiyo iliyotuumiza zaidi kambini. Mimi niliumizwa na hilo neno.

Hapa inabidi nieleze desturi. Kwetu, msichana akishika mimba, wanawake wa upande wake humchukua asubuhi na kifurushi chake, humpeleka kwa familia ya kijana, na kumwacha hapo mlangoni. Mambo ya mbuzi na mahari yatazungumzwa baadaye. Yeye harudi. Kazi ya kumpeleka ni ya mashangazi, lakini mashangazi zangu walikuwa ng'ambo ya vita pamoja na papa, na mama aliona siku inakuja ambapo barabara itafunguka, mume wake atateremka kwenye lori, na atakuta tumbo lisilo na mwenyewe. Aliogopa. Leo naweza kusema kwamba aliogopa kuliko alivyokasirika, ila wakati ule niliona hasira tu.

Kilichobaki kilikuwa kupata mlango wa kuniacha. Mimi sikutaja mtu, maana hakukuwa na mtu. Jirani wa Masisi akamsaidia. Akamwambia nimesindikizwa na kijana wa bomba la maji, na jerikani yangu mkononi mwake, kwa macho yake ameona. Basi ikawa yeye. Mama yake kijana alikuwa na hema upande wa juu wa kambi, kabila letu, Wakatoliki kama sisi, na kwa mama yangu hayo yalikuwa kama baraka. Akasema tutakwenda Jumamosi asubuhi.

Nilikuwa darasa la tano la sekondari vita vilipotutoa Kibati, na nilikuwa bado nina matumaini ya kuketi tena kwenye benchi. Nililala nikitazama turubai na kuyapiga mahesabu ya maisha yangu. Nitaachwa kwenye hema la watu nisiowajua. Tumbo halitakua, maana halina kitu. Watasubiri, kisha watasema nimeitoa, na huyo kijana masikini na mimi tutakuwa tumefungwa pamoja na uwongo ambao hakuna aliyeusema kwa makusudi. Wala sikuwa na njia ya kuthibitisha, isipokuwa moja. Siku zangu zilikuwa zimechelewa, nadhani kwa ajili ya njaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliiombea damu ije. Mimi niliyeichukia, niliyeilaani nikiwa nimejikunja, nilishika rozari nikaiomba.

Ijumaa damu haikuja. Jumamosi asubuhi mama alinipaka mafuta miguuni kama anavyopakwa mtoto wa komunyo ya kwanza. Alinifungia kifurushi. Na yeye akakivaa kile kikwembe chenye ndege wa bluu, kwa sababu hata kambini mtu haendi kwa wakwe na nguo ya sokoni. Jirani akaja na kitambaa chake kipya kichwani. Tukaanza kupanda kati ya mahema, mimi katikati yao, watu wakitoka milangoni kutazama, kwa kuwa kila mwanamke alijua maana ya kifurushi kile.

Hatukufika. Katikati ya njia mgongo ulinikamata, na kwa yale maumivu yenyewe niliyoyajua vizuri, nilifurahi. Nakumbuka nilisema kwa sauti, "Asante," na jirani akanitazama kama nimerukwa na akili. Kisha ikaja. Sijawahi kuona damu kama ile kabla wala baada. Ilishuka mpaka kwenye ndala, ikatelezesha nyayo zangu, nikaanguka. Juu ya jiwe jeusi damu haionekani nyekundu, inaonekana kama maji yaliyomwagika, na kwa muda mfupi mama hakuelewa.

Jirani alielewa haraka, na alielewa vibaya.

"Amekunywa dawa! Ametoa mimba! Bamama, mukuye muone, mutoto ametoa mimba!"

Mama alivua kile kikwembe cha ndoa, akabaki na sketi ya ndani mbele ya watu, akanizungushia kiunoni mara mbili na kufunga. Ndege wakalowa mara moja. Mwanaume mmoja aliyekuwa akisukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, aliangusha magunia yake ya makaa bila kuulizwa, na wakanilaza juu ya ubao wake. Nilipelekwa kwenye hema la wagonjwa nikiruka na kila jiwe, mama akikimbia pembeni na mkono wake juu ya paji la uso wangu.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye macho ya mtu aliyesimama tangu alfajiri. Mama alipiga magoti.

"Muganga, ametoa mimba. Nitamukasirikia kesho. Leo musaidie tu asikufe."

Yule muuguzi hakushtuka wala hakutukana. Alinitundikia maji mkononi. Nilipopata nguvu kidogo alinipa kikopo nikojolee, akachovya kikaratasi, akakitazama, akamwonyesha mama.

"Haina mimba. Tena haikukuwako. Kama ingetoka leo, ao hata wiki iliyopita, hii ingekuwa ingali inasema." Akanivuta kope la chini kwa kidole gumba. "Angalia huku ndani. Nyeupe. Anakulaka udongo?"

"Ndiyo. Njo nilijua iko na mimba."

"Mama, mutu anaishiwa na damu njo anatamani udongo. Weye ulikula juu mimba zilikuwa zinakula damu yako. Huyu, damu inamumaliza kila mwezi."

Kisha akanigeukia na kuniuliza navaa vitambaa vingapi kwa siku, na kama mabonge ni makubwa, na tangu lini. Nilimtazama mama kwanza. Nilikuwa nusu mfu juu ya kitanda cha turubai na bado nilikuwa naomba ruhusa ya kuivunja sheria. Muuguzi aliona.

"Usimuangalie mama. Niambie miye."

Nikasema. Nilisema yote, ya benchi la shule, ya kutapika, ya mikono ya sweta, ya kuvaa vitambaa vibichi mpaka ngozi inachubuka. Mama alisikiliza akiwa ameketi chini, uso ameuinamisha kwenye magoti, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tulipoiacha nyumba. Nilimwonea huruma na nilikuwa na uchungu naye, vyote viwili pamoja, na sikujaribu kuvitenganisha.

Tulipewa vidonge vya kuongeza damu, na vingine vya maumivu ambavyo muuguzi alisema nivimeze maumivu yakianza, nisisubiri mpaka yanilaze. Alisema siku tukiweza niende hospitali ya mjini wanitazame kizazi, maana kutokwa hivyo si kawaida ya wanawake wote, ni ugonjwa. Nilimwomba arudie neno hilo, na akarudia. Nilikwenda baadaye sana, na mpaka leo nina mwezi unaonilaza, lakini tangu siku ile nimejua kwamba sikuwa mvivu. Na tulipokuwa tunatoka alimshika mama mkono.

"Vitambaa vyake bifuliwe na sabuni, bianikwe ku jua. Ku jua kabisa. Bibichi bitamuletea ugonjwa ingine."

Mama aliitikia kwa kichwa tu.

Tulirudi jioni na habari ilikuwa imeshatutangulia. Mstari wetu wote wa mahema ulijua kwamba nimetoa mimba. Wanawake waliokuwa wakitusalimia walijishughulisha na masufuria. Mama yake kijana alikuwa ametamka kwamba mwanawe hana uhusiano na muuaji. Kubeba mimba bila mume ni aibu, watu huizoea. Kuitoa ni neno jingine, linamfuata msichana kanisani, sokoni, mpaka kijiji atakachoolewa. Na mama angefanya nini? Apite hema kwa hema akieleza? Kueleza kulitaka ataje kitu ambacho hakitajwi, kitu alichonikataza nisimwonyeshe hata yeye.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya nguo kuchanwa. Sikuinuka, sikuwa na nguvu, ila mlango wa hema ulikuwa wazi na niliona. Mama alikuwa ameweka beseni nje, mbele kabisa, pale watu wote wanapopita kwenda kwenye bomba. Ndani ya beseni mlikuwa na kikwembe cha ndege wa bluu. Alikuwa amekifua, sasa anakichana vipande, kwa kipimo kilekile alichonionyesha Kibati. Sabuni ilikuwa imefanya ilichoweza. Kuwazunguka ndege bado kulikuwa na madoa ya kahawia, na hayo hayatoki.

Alifunga kamba kwenye mti wa hema letu, akaivuta mpaka kwenye mti wa jirani.

"Mama, nakutumia muti yako kidogo," alisema, bila kungoja jibu.

Kisha akaanika. Alikitandaza kila kipande peke yake, bila kukifunika na chochote, doa likitazama njia. Watu waliokuwa na jerikani walipunguza mwendo. Kila mtu alikijua kile kikwembe, walikuwa wamekiona jana kikilowa. Jirani alitoka akashika mdomo.

"Mama, funika iyo vitu! Babwana banapita!"

"Bapite," alisema mama. Aligeuka ili asikiwe na mstari wote, na sauti yake, ambayo maisha yangu yote niliisikia ikishuka kila inapofika kwenye jambo hili, haikushuka. "Muangalie muzuri. Ni damu ya mwezi ya mutoto yangu. Hakukuwa na mimba, hakutoa mimba. Ni mugonjwa, na miye sikujua."

Akachukua sinia la maharagwe, akaketi kwenye jiwe chini ya ile kamba, akaanza kuchambua. Siku ile hakwenda kuuza. Kila baada ya muda aliinuka akavigeuza vitambaa upande wa pili, akarudi kuketi, na waliopita walipita mbele yake. Jua la Mugunga likiamua kuwaka, linawaka, na yale mawe meusi yanalirudisha kutoka chini.

Alipoona vimekauka alikitoa kimoja, akaingia hemani, akapiga magoti karibu na mkeka wangu. Alikikunja vile alivyokikunja mara ya kwanza, akakiweka mkononi mwangu. Kilikuwa na joto, na kilikuwa kikavu kabisa, na mimi sikuwahi kuvaa kikavu.

"Kamata, mama," aliniambia.